Chipukizi, Panda na Kiambaza: Kuumbika kwa Njia za Hewa katika Pafu la Kiinitete na Lugha ya Kulieleza

1.0 Utangulizi

Maelezo ya pafu katika Kiswahili aghalabu hutolewa kwa sentensi moja: bomba la hewa hugawanyika katika matawi mawili, na matawi hayo hugawanyika tena na tena mpaka kufikia vifuko vidogo vya hewa. Sentensi hiyo inafaa kwa pafu la mtu mzima, linalotazamwa kama kitu kilichokwisha kukamilika. Kwa pafu linalojengwa tumboni haitoshi, na mahali pengine inapotosha. Kitenzi gawanyika hudokeza kwamba kilikuwapo kitu kizima, kisha kikatengwa sehemu. Ndani ya kiinitete hakuna mrija mzima unaosubiri kutengwa. Kuna kinachochipuka, kuna kinachofanya panda, na baadaye sana kuna kinachopevuka. Na hatua hizo hazitokei kwa wakati mmoja wala kwa sababu moja.

Makala haya yanaeleza hatua hizo kwa kutumia mifano kutoka pwani ya Mtwara na mlango wa Mto Ruvuma, eneo ambalo mimea na maji yake hutoa karibu kila umbo la tawi analolihitaji mfafanuzi. Hoja inayojengwa ni kwamba msamiati wa kawaida wa Kiswahili unatofautisha taratibu ambazo wanabiolojia walizipambanua kikamilifu katika mwaka 2008 tu, na kwamba kuupuuza msamiati huo kuna gharama. Gharama hiyo huonekana zaidi pale mkunga anapomweleza mama aliyejifungua kabla ya siku zake kwa nini mtoto wake anapumua kwa taabu.

2.0 Mto, mti na pafu

Taswira mbili hutumika sana kulielezea pafu: mto na mti. Msomaji wa Mtwara anazo zote mbili karibu. Ruvuma unapoikaribia Bahari ya Hindi, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, hupita katika mikoko, na katikati ya mikoko hiyo maji kupwa na maji kujaa yamechora vijito vinavyoungana na kuachana. Sehemu hiyo imehifadhiwa tangu mwaka 2000 kama Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Mto Ruvuma. Anayevitazama vijito hivyo kutoka juu huona umbo linalofanana sana na picha ya njia za hewa.

Mfanano huo ni wa umbo tu. Kijito huchimbwa na kile kinachopita ndani yake: maji huja kwanza, njia hufuata. Katika pafu mambo ni kinyume. Njia za hewa hujengwa zote kabla ya pumzi ya kwanza, wakati ambapo mapafu yamejaa umajimaji unaotolewa na seli za mapafu yenyewe. Hewa huikuta njia ikiwa tayari. Umajimaji huo una kazi yake, kwa kuwa msukumo wake huyatanua mapafu na kuyasaidia kukua. Lakini hauchori ramani ya matawi kama maji ya Ruvuma yanavyochora matope.

Taswira ya mti ni nzuri zaidi, madhali mti hukua kutoka ncha zake kama pafu linavyokua. Hata hivyo ni lazima kuuliza: mti gani? Mnazi hauna matawi kabisa. Mkorosho, zao kuu la mkoa, hutoa vichipukizi ubavuni mwa tawi lililokwisha kuwapo, huku ncha ya tawi mama ikiendelea na safari yake. Mkoma ni wa jamii moja na mnazi lakini unatofautiana nao kwa kuwa ncha ya shina lake yenyewe hupasuka kuwa ncha mbili zilizo sawa, na kila moja huweza baadaye kupasuka tena. Hakuna ncha mama inayobaki. Tofauti ya mkorosho na mkoma itarejewa katika sehemu ya 5.0, kwa sababu pafu hutumia njia zote mbili.

Lipo pia jina la Mtawanya, kata ya mkoa huo huo, ambalo masikioni mwa msemaji wa Kiswahili hukumbusha papo hapo kitenzi tawanya. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa nasaba, na hilo lihesabike pia kwa wale wanaofanya haraka kuunganisha tawi na tawanya. Kinachofaa hapa ni maana. Kutawanya ni kueneza bila mpango maalumu, kama mbegu au kuku. Matawi ya kwanza ya pafu hayatawanyiki: hutokea mahali pale pale, kwa mfuatano ule ule, katika kiinitete baada ya kiinitete.

3.0 Mwanzo wa mapafu

Yafaa kwanza kuondoa utata wa hesabu. Wanaembriolojia huhesabu umri tangu siku ya kutungwa mimba, ilhali kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tofauti yake ni kama majuma mawili, na imewachanganya wanafunzi wengi. Katika sehemu hii na mbili zinazofuata hesabu ni ya wanaembriolojia. Katika sehemu ya 6.0, inayohusu hospitali, hesabu ni ya kliniki.

Katika juma la 4, ukuta wa mbele wa mrija wa chakula wa kiinitete hutokeza uvimbe mdogo. Uvimbe huo hurefuka kwenda chini na kujitenga na mrija uliouzaa. Sehemu ya juu itakuwa bomba la hewa, na ncha yake hutoa machipukizi mawili, moja la kila upande. Katika juma la 5 chipukizi la kulia huwa na matawi matatu na la kushoto mawili, idadi inayoendelea kuonekana katika ndewe tatu za pafu la kulia na mbili za pafu la kushoto za mtu mzima. Kutoka hapo kasi huongezeka. Kufikia mwisho wa mwezi wa 4, mirija yote ya kupitishia hewa, kuanzia bomba kuu hadi vijirija vya mwisho, imekwisha kuwapo. Kitakachofuata ni kukua, kupanuka na kubadilika kwa ncha zake.

Jambo hilo la mwisho halisisitizwi vya kutosha. Mimba bado haijafika nusu, na mpangilio wa matawi umekwisha kutimia.

4.0 Nani anayeiamuru ncha?

Chipukizi la pafu lina sehemu mbili. Ndani kuna mrija wa utando wa seli zilizoshikamana. Huu ndio utakaokuwa njia ya hewa. Nje umezungukwa na tishu laini ya seli zilizolegea, iitwayo mesenkima, ambayo baadaye hutoa misuli, gegedu na sehemu ya mishipa ya damu. Kwa mtazamo wa kawaida mtu angedhani kwamba mrija ndio unaojua pa kwenda, na mesenkima ni pamba tu ya kuuzunguka. Majaribio yalionyesha vinginevyo.

Mwaka 1933 Dorothea Rudnick, akichunguza viinitete vya kuku, alionyesha kwamba mrija ukiondolewa mesenkima yake hauendelei kutoa matawi. Mwaka 1962 Alescio na Cassini walikwenda mbali zaidi. Walichukua mesenkima kutoka kwenye ncha za pafu la kiinitete cha panya na kuipandikiza ubavuni mwa bomba la hewa, mahali ambapo kwa kawaida hapachipuki kitu. Bomba lilitoa chipukizi. Amri, kwa hiyo, ilitoka nje ya mrija.

Amri hiyo ni nini? Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka kwa nzi mdogo wa matunda, ambaye hana mapafu bali ana vijirija vya hewa vinavyoenea mwilini mwake. Mwaka 1996 Sutherland, Samakovlis na Krasnow walieleza jeni ambayo nzi akiikosa, vijirija vyake havitoi matawi. Waliipa jina lenye maana ya 'asiye na matawi'. Kipokezi cha ujumbe wa jeni hiyo kilikuwa kimekwisha kuitwa kwa jina lenye maana ya 'asiye na pumzi'. Mwanaisimu atatambua hapa desturi ya kuziita jeni kwa hasara inayotokea zinapokosekana, desturi ambayo mfasiri asiyeijua ataigeuza juu chini: jeni iitwayo 'asiye na matawi' ndiyo inayoleta matawi.

Mwaka uliofuata, Bellusci na wenzake walionyesha kwamba mamalia wana jamaa ya jeni hiyo, FGF10. Protini yake hutolewa na mesenkima iliyo mbele ya ncha inayokaribia kuchipuka, na mrija, wenye kipokezi chake, hukua kuielekea. Uthibitisho mkali ulipatikana katika miaka ya 1998 na 1999, ambapo panya waliokosa FGF10 walizaliwa na bomba la hewa lililoishia njiani, bila mapafu. Na miguu pia hawakuwa nayo, jambo linaloonyesha kwamba mwili hutumia amri ile ile kuchipusha viungo tofauti.

Kama FGF10 ingetoka bila kikomo, mrija ungevimba na kuwa mfuko. Kinachouzuia ni majibizano. Ncha inayokua hutoa ujumbe wake yenyewe, uitwao Shh, wa ukoo wa jeni uliopewa jina la kalunguyeye kwa sababu viluwiluwi vya nzi wenye hitilafu hiyo walionekana kama wenye miiba. Ujumbe huo hunyamazisha FGF10 katika mesenkima iliyo karibu zaidi na ncha. Chanzo cha FGF10 kikizimwa katikati, hubaki pembeni, kushoto na kulia. Ncha moja sasa ina pande mbili za kuelekea. Ndani ya seli za mrija nako kuna protini za kuizima amri iliyopokewa ili isizidi kiasi. Kwa maneno mepesi, mesenkima humwita mrija, na mrija ukikaribia humnyamazisha mwitaji.

Maelezo hayo hayamalizi jambo. Misuli laini huota kwenye mikunjo kati ya machipukizi, na baadhi ya watafiti wanaiona kuwa ndiyo inayoubana mrija na kuupa umbo, ilhali wengine wamepata matawi hata pale misuli ilipopungua sana. Mvutano wa kani na mvutano wa kemikali bado unajadiliwa, na haionekani kwamba upande mmoja utaufuta mwingine.

5.0 Kuchipua na kufanya panda

Mwaka 2008 Metzger, Klein, Martin na Krasnow walichapisha ramani kamili ya matawi ya pafu la panya, waliyoijenga kwa kuchunguza mamia ya mapafu yaliyokuwa katika hatua mbalimbali za ukuaji. Ugunduzi wao ni wa kushangaza kwa wepesi wake: maelfu ya matawi hujengwa kwa taratibu tatu tu.

Katika utaratibu wa kwanza, machipukizi hutokea ubavuni mwa mrija mmoja, safu baada ya safu, huku mrija mama ukiendelea mbele. Huu ndio ukuaji wa mkorosho. Katika wa pili, ncha hupasuka kuwa mbili, na zile mbili hupasuka tena katika bapa lile lile, kama vidole vya kiganja kilichokunjuliwa. Katika wa tatu, ncha hupasuka kuwa mbili, lakini mpasuko unaofuata hugeuka nyuzi 90, hivyo ncha nne hukaa kama pembe za mraba. Hizo mbili za mwisho ni za mkoma. Utaratibu wa kwanza hujenga kiunzi cha pafu. Wa pili hutengeneza kingo zake. Wa tatu hujaza ndani na uso.

Hapa ndipo Kiswahili kinapostahili kusikilizwa. Lugha hii ina neno panda, ambalo Johnson alikwisha kulisajili katika kamusi yake ya mwaka 1939 kwa maana ya kitu chenye maungo mawili yanayoachana. Mtoto anayetengeneza manati hutafuta panda, hatafuti tawi. Mjenzi huegemeza boriti juu ya nguzo yenye panda. Msafiri hufika njia panda. Katika matumizi yote hayo kinachosisitizwa ni ncha mbili zenye hadhi sawa. Chipukizi lina hadhi nyingine: ni dogo, ni la pembeni, na lina mama aliye hai. Utanzu na tawi ni majina ya matokeo, hayasemi lililotokea.

Tofauti anayoihitaji mwanabiolojia imo, kwa hiyo, katika mazungumzo ya kila siku, na mwalimu anaweza kusema bila kuunda istilahi mpya: mrija huu umechipua, ule umefanya panda; panda hii ni ya bapa, ile ni ya kugeuka. Waundaji wa istilahi, tangu zama za kamati ya lugha ya Afrika Mashariki hadi TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, wametumia juhudi kubwa kwa majina ya vitu. Vitenzi vya taratibu havikupewa uzito huo. Katika embriolojia upungufu huo huonekana haraka, kwa kuwa embriolojia kwa sehemu kubwa ni elimu ya vitenzi.

Ramani ya panya, bila shaka, si ramani ya binadamu. Panya ana ndewe nne kulia na moja tu kushoto, na seli za ncha za pafu la binadamu zina tabia zake. Kinachodhaniwa kushirikiwa ni taratibu, si hesabu.

6.0 Kupevuka, na mtoto njiti

Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku huitwa siku hizi mtoto njiti, sitiari iliyoenea nchini Tanzania na yenye upole ndani yake, japokuwa inasema habari ya wembamba tu. Tatizo kubwa la mtoto huyo mara nyingi ni pumzi. Katika lugha ya wodini mama huambiwa kwamba mapafu ya mtoto hayajaumbika, au hayajaota, au hayajakomaa. Kwa mama aliyetoka Msimbati au Mtawanya na kupewa rufaa hadi Hospitali ya Ligula, maneno hayo matatu hayana maana moja. La kwanza na la pili humwambia kwamba kiungo hakipo. Anayeamini kwamba mtoto hana mapafu ana haki ya kukata tamaa, na huenda akaona hakuna haja ya kukaa usiku kucha akimbeba kifuani.

Ukweli wa kibiolojia ni mwingine. Kwa hesabu ya kliniki, mtoto wa majuma 28 amekwisha kupita majuma kama 9 tangu mirija yake yote itimie. Kinachopungua ni vitu viwili. Cha kwanza ni vifuko: mwishoni mwa mirija kuna vyumba vipana vyenye kuta nene kiasi, na mishipa ya damu inaanza tu kuvisogelea. Cha pili ni ute uitwao safaktanti, unaopunguza mvutano wa umajimaji kwenye kuta hizo ili kifuko kisijifunge kila hewa inapotoka. Ute huo huanza kutengenezwa takriban juma la 24, na aghalabu hautoshi mpaka karibu juma la 35. Mwaka 1959 Avery na Mead walionyesha kwamba ukosefu wake ndio chanzo cha ugonjwa wa kupumua uliokuwa ukiwaua watoto hao.

Neno linalostahili hapa ni komaa au pevuka. Mkulima hutofautisha kukomaa na kuiva: embe lililokomaa limetimia ndani hata kama bado ni gumu, na lililoangushwa na upepo kabla ya kukomaa lilikuwa embe tangu mwanzo. Ndiyo maana jina linalotumiwa na wakunga, sindano ya kukomaza mapafu, ni tafsiri bora kuliko nyingi zilizotoka katika kamati. Sindano hiyo, mathalani ya deksamethasoni, hudungwa mama anayetarajiwa kujifungua mapema. Msingi wake ni kazi ya Liggins na Howie wa New Zealand, iliyochapishwa mwaka 1972. Haichipushi tawi hata moja. Huharakisha kukonda kwa kuta za vyumba na kutolewa kwa ute.

Ufanisi wake hutegemea mazingira. Mwaka 2015 jaribio lililofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, ambapo sindano ilienezwa hadi ngazi ya jamii, halikupunguza vifo vya watoto wadogo, na kwa jumla ya watoto wote vifo viliongezeka. Mwaka 2020 jaribio la Shirika la Afya Duniani katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, likiwahusisha wanawake 2,852 wa majuma 26 hadi 33 ambao umri wa mimba zao ulikuwa umepimwa kwa mashine, lilipata vifo vya asilimia 19.6 ya watoto wa waliodungwa deksamethasoni, dhidi ya asilimia 23.5 ya wengine. Sharti la kujua umri wa mimba linarudisha ule utata wa majuma mawili uliotajwa katika sehemu ya 3.0; safari hii si utata wa mtihani.

Mkunga anayetaka kusema kweli kwa ufupi anaweza kusema: "Mama, matawi ya mapafu ya mwanao yalitimia mimba ilipokuwa na miezi minne na kitu, vifuko na ute ndivyo havijakomaa, na ndivyo tunavyovisaidia." Sentensi hiyo si ndefu kuliko ile ya 'hayajaumbika'.

Imebaki hatua moja, nayo kwa sehemu kubwa hutokea baada ya kuzaliwa. Vyumba vipana vya mwisho huota viambaza kutoka kutani, na viambaza hivyo huinuka ndani na kukikata chumba kimoja kuwa vifuko vingi vidogo, kama nyumba ya ukumbi mmoja inavyotengwa vyumba kwa familia inayoongezeka. Kazi hiyo huenda kwa kasi zaidi katika miaka 2 au 3 ya mwanzo, huendelea polepole utotoni, na humwachia mtu mzima mamia ya milioni ya vifuko. Hapo, na hapo tu, kilikuwapo kitu kizima kikatengwa sehemu. Na kitenzi gawanyika kinafika mahali pake.